Gasketi ya Sampu

Chini kabisa ya injini ya motakaa pamefungwa bakuli la chuma, nalo mafundi huliita sampu. Hilo ndilo ghala la oili. Katika gari dogo huingia lita 4 hivi. Injini inapokwenda, pampu huvuta oili humo na kuisukuma mpaka penye vyuma vinavyozunguka, kisha oili huchuruzika na kurudi bakulini. Ikikosekana, vyuma husagana vikavu, hupata moto sana, hata mwisho vikashikana. Na injini iliyoshikana hivyo mara nyingi haifai tena.

Basi, ukingo wa bakuli na ukingo wa injini, hata vikichongwa vizuri namna gani, haviwezi kukutana pasipo kuacha upenyo. Kwa hiyo baina yao hutiwa gasketi, yaani utepe mwembamba uliokatwa kwa umbo la ukingo ule. Zamani nyingi zilifanywa kwa gome jepesi litumikalo kwa vizibo vya chupa, nalo ni gome la namna ya mwaloni uotao Ureno na Hispania. Mti wenyewe haukatwi, hubanduliwa tu kila miaka 9 hivi. Siku hizi nyingi ni za mpira, na katika magari mengine hupakwa gundi maalum tu. Joto la miaka mingi huikausha gasketi, ikapasuka, oili ikaanza kudondoka.

Lakini si kila tone lililo chini ya gari limetoka hapo. Huenda oili inavuja juu, ikateremka na kuning'inia kwenye sampu. Fundi mwenye akili huosha injini kwanza, akaiwasha, ndipo achungulie unyevu unaanzia wapi. Wengi wamebadili gasketi isiyo na kosa!

Gari huwekwa mahali tambarare na kutegemezwa kwa vyuma imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, maana jeki huteleza, na gari likianguka huua. Oili humwagwa ingali vuguvugu, tena chomboni, wala si ardhini, kwa kuwa huharibu udongo na maji. Sampu ikiisha kushushwa, mabaki ya gasketi kuukuu hukwanguliwa pande zote mbili, taratibu, chuma kisichubuke. Hapo ndipo mvivu hujulikana: kipande kidogo kikisalia, patavuja. Ukingo uliobonyea penye matundu ya boliti hunyoshwa kwa nyundo juu ya ubao.

Kisha gasketi mpya huwekwa, na boliti zote hutiwa kwanza kwa vidole. Kijana anayejifunza kazi hudhani kwamba akikaza kwa nguvu zake zote oili haitapita. Sivyo. Gasketi ikibanwa kupita kiasi hutokeza nje au hupasuka, na ukingo hupinda. Boliti hukazwa kidogo kidogo, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda miishoni, upande huu na upande huu, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari.

Oili ikiisha kutiwa, injini huwashwa, na fundi hulala tena chini na taa yake. Usiku ule mwenye gari hutandika karatasi nyeupe chini ya injini, aitazame asubuhi kabla ya kuondoka.