Mtito Hadi Voi, Laini Moja

Msee akikushow ati Nai kwenda Mombasa ni mteremko tu, jua hajawahi ipiga na baiki. Ni kweli Nai iko juu, karibu mita 1,700 hivi, na Mombasa iko kwa maji. Lakini kuna kusi. Barabara inaelekea kusini mashariki, na kuanzia Aprili hadi Septemba huo upepo unatoka hukohuko, unakugonga kifuani bila kupumzika. Hata kwa mteremko lazima upige pedo ndo usonge.

Hizo kilomita 480 za Nai hadi Mombasa mbogi hugawanya kwa siku kadhaa, na kwangu siku tamu kuliko zote ni ya Mtito Andei hadi Voi. Ni karibu kilomita 100, na nusu ya njia hakuna duka la maana. Ngware wasee washaamka: chai, chapo, mayai boilo, ndizi mbili za mfuko. Unamanga hata kama tumbo inakataa, ju saa nne ukisikia njaa ushachelewa. Chupa zote zinajazwa. Lakini hakuna kutoka kwa giza. Tunangoja mwanga, ju hapo mbele ni matrela na ndovu.

Kitu inatufikisha Voi ni laini. Ukijibana nyuma ya taya ya mwenzako, yeye anakukatia upepo na wewe unaokoa hadi theluthi ya nguvu zako. Wa mbele anapigana na kusi dakika chache, anacheki nyuma, anachomoka pole, anashuka mpaka mkia. Anayefuata anashika. Hakuna kubonga mob hapo, ni mkono na sauti: kidole chini ni shimo, na wa mwisho akipiga nduru "trela!" kila mtu anajibana kushoto. Hata Chris Froome, kabla ashinde Tour de France mara 4, alianza akiwa mtoi akifuata kina David Kinjah, kocha wake, huko Kikuyu.

Kenye huharibu laini ni chali mwenye akifika mbele anachapa mwendo ndo aonekane ako na miguu. Nyuma watu wanakatika mmoja mmoja, na kila aliyekatika sasa anakula upepo solo. Mimi huheshimu yule akishika mbele, mwendo haubadiliki. Huyo ndo ako na nguvu.

Baada ya Mtito ni Tsavo kila upande: Magharibi mkono wa kulia, Mashariki mkono wa kushoto, mbuga iliyotengwa 1948 na barabara ikapita katikati. Huko kushoto uwanda wa Yatta umelala kama meza isiyo na mwisho. Ni lava iliyoganda, urefu wa karibu kilomita 300. Reli ya SGR iko pembeni tangu 2017, na chini yake kuna mapito ya wanyama. Ndovu wa hapa ni wekundu ju ya kuoga ile vumbi ya Tsavo. Wakiwa karibu na lami, mbogi nzima inasimama mbali, mguu chini, kimya. Simu inabaki mfukoni mpaka wavuke wenyewe. Tukifika daraja la Mto Tsavo, pale simba waliwamaliza wajenzi wa reli 1898, tunapumzika na kuhesabiana.

Adui wa kweli hapo ni waya. Taya za matrela zikipasuka huacha vinyuzi vya chuma kwa ukingo wa lami, vidogo kama nywele, na hivyo ndo hutoboa tubu. Ukibadilisha tubu bila kupapasa ndani ya taya na kitambaa, polepole, mpaka uupate huo waya, mpya nayo inaisha kabla ya kilomita moja. Pancha ya mmoja ni ya wote. Tunasimama: mmoja anashika gurudumu, mwingine pampu, mwingine anacheki barabara.

Manyani jua limeshika. Hapo ndo wazee wetu wengi walifungiwa miaka ya 1950 wakidai uhuru, na sijui msee anapitaje bila kuwakumbuka. Hapo pia ndo miili huzima. Msee akinyamaza ghafla na kuanza kuyumba, tunampa soda na ndizi yenye chumvi, mwendo unashuka, na mwenye nguvu anamwekea mkono mgongoni amsukume kidogokidogo. Hatuachi mtu Manyani.

Ukikaribia Voi, milima ya Taita ikiwa kulia, unaanza kukutana na wasee wa baiki za Black Mamba: gia moja, mitungi ya maji nyuma, patipati miguuni. Hao hupiga hii njia kila siku na mzigo, hakuna jezi, hakuna mtu wa kuwapigia makofi. Ni waendeshaji baiki kuliko sisi, na sisi ndo tunafaa kuwasalimia kwanza.

Kama unataka kuingia, tafuta mbogi ya mtaa wako, anza na safari fupi za Jumapili. Nunua helmeti na taa kabla ya jezi, na ujue kuziba pancha. Na wewe dere, ukipata laini ya baiki hapo Tsavo, ngoja upande wa pili uwe wazi ndo uovateki. Ni sekunde chache tu.