Mlo wa Maniema (4): Kinu cha Bibi na Biskuti ya Dukani

Ripoti ya FAO na mashirika wenzake, iliyotoka Julai 2024, ilisema watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakumudu mlo kamili mwaka 2022. Msomaji mmoja ananiuliza kama sisi wa Kasongo na Kabambare tumo humo. Tumo, ila sombe, majani yetu ya muhogo, isisingiziwe.

Toleo lililopita tuliishia Nyangwe, kwenye soko la akina mama alilolitazama Livingstone mwaka 1871. Mpunga tuliletewa na Waungwana, Waswahili wa misafara ya pwani, ukaikubali ardhi hii kama uliozaliwa hapa. Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi la ofisa Mbelgiji Dhanis lililoteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, aliandika kwamba alipita shamba moja la mpunga kwa saa moja na nusu, naye yuko juu ya mnyama! Jasho lililolilima lilikuwa la watumwa, sifichi. Baadaye Wabelgiji, kwa sheria yao ya 1917 ya kilimo cha lazima, wakatulimisha pamba. Na pamba, ndugu zangu, haipikwi.

Mchele wa wazee ulitwangwa kinuni, ukabaki na ngozi yake. Kule Java, daktari Mholanzi Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, na walipopewa wenye ngozi wakasimama tena. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobeli mwaka 1929. Sisi leo tunamlipa mwenye mashine atung'arishie mchele, vitamini B1 inatoka na pumba, pumba anakula bata. Halafu tunajiita waungwana!

Sasa bei. Sombe inachumwa nyuma ya nyumba na mawese, yenye vitamini A tele, yanakamuliwa kijijini, wakati biskuti na sukre vinatoka mbali kwa pikipiki. Lakini biskuti inauzwa mojamoja, na mtoto akilia inamnyamazisha. Samaki hauzwi kwa pesa kidogo hivyo. Ghali kwetu ni samaki, nyama na maharagwe. Na aliyekimbia bunduki huko Kabambare akaacha shamba lake, hata sombe ananunua. Huyo simlaumu.

Wewe mwenye shamba na kinu ndiye ninayekusema. Usikipasue kuni: toleo lijalo tutakihitaji, tukitwanga karanga za uji wa watoto.