Ukubwa wa Thamani: Istilahi Moja, Vipimo Vinne

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri na walimu ni "ukubwa wa thamani" katika kamusi ya programu. Maneno yenyewe ni ya kawaida, lakini yakiunganishwa hayamwambii msomaji ni kitu gani hasa kinachopimwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo inabeba vipimo vinne, na kwamba kila kimoja kinastahili neno lake.

Kamusi inayozungumziwa hapa si kitabu. Katika Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kamusi ni utaratibu wa kuhifadhi data kwa jozi: kila ufunguo una thamani yake. Aliyezoea Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 anaweza kuulinganisha ufunguo na kidahizo, na thamani na maelezo yanayokifuata. Tofauti ni kwamba thamani yaweza kuwa neno, namba, au hata orodha nzima.

Tuchukue mfano wa Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako kahawa ni zao kubwa la biashara. Tuseme karani wa chama cha ushirika ameweka daftari la mapokezi katika kompyuta. Ufunguo ni namba ya mkulima. Thamani ni orodha ya kilo alizopimiwa kila alipoleta kahawa. Mkulima wa kwanza ameleta mara tatu: kilo 42, 60 na 38. Wa pili ameleta mara moja tu, kilo 150.

Je, thamani ipi ni kubwa zaidi? Anayehesabu vipengele atasema ya kwanza, kwa kuwa vipengele 3 vinazidi kimoja. Anayejumlisha atasema ya pili, kwa kuwa 150 inazidi 140. Naye mkulima, asikiapo neno "thamani", atawaza shilingi. Wote wanasema Kiswahili sahihi. Lakini programu ikifuata jibu la kwanza katika kugawa malipo, mkulima wa pili atadhulumiwa.

Kompyuta haiondoi utata huu. Hutii amri iliyopewa. Amri ya len ikielekezwa kwenye kamusi yetu nzima hutoa 2, yaani idadi ya jozi. Ikielekezwa kwenye orodha hutoa idadi ya vipengele. Ikielekezwa kwenye maandishi hutoa idadi ya alama: jina "Mbamba Bay" lina alama 10, pamoja na pengo la katikati. Kujumlisha kilo ni kazi ya amri nyingine, sum.

Kipimo cha nne ni cha kumbukumbu ya kompyuta, nacho huhesabiwa kwa baiti. Hapa pia pana mtego. Amri ya sys.getsizeof hupima kamusi yenyewe bila vitu inavyovishika. Ni kama kupima mtumbwi uliotia nanga Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, na kuwaacha nje ya hesabu usipa waliomo ndani. Aidha, baiti si sawa na alama. Neno "ng'ombe" lina alama 7. Likihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 huchukua baiti 7 iwapo ritifaa yake ni ya wima. Iwapo ritifaa ni ya kupinda, huchukua baiti 9, kwa sababu alama hiyo peke yake huhitaji baiti 3.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. "Idadi" itumike kwa kuhesabu jozi au vipengele; "jumla" kwa namba zilizojumlishwa; "urefu" kwa alama za maandishi; na "nafasi" kwa baiti za kumbukumbu. Neno "thamani" libaki, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika hisabati, lakini mfasiri alifafanue pale linapoweza kudhaniwa kuwa bei. Neno "ukubwa" lisisimame peke yake katika maelezo ya kiufundi.

Mfasiri anayekutana na istilahi hii hana budi kujiuliza kwanza: kinachohesabiwa ni nini, na kwa kizio gani? Akipata jibu, neno la Kiswahili halitamwia gumu, na karani atakayesoma tafsiri yake atajua apime nini.