Kutumia Televisheni Badala ya Kioo cha Kompyuta

Mkazi mwenye kompyuta isiyo na kioo anaweza kuiunganisha na televisheni. Kabla ya kutoa pesa sokoni, tazama matundu yaliyo nyuma ya vyombo vyote viwili. Kama vyote vina tundu la HDMI, waya mmoja unatosha kwa picha na sauti. Waya wa VGA, wenye pini 15, hupitisha picha tu.

Tatizo ni televisheni za zamani za chogo, zenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Utaonyeshwa waya wenye HDMI upande mmoja na rangi hizo upande wa pili. Usinunue. Kompyuta hutoa picha ya dijitali, televisheni hiyo ni ya analojia, na waya mtupu haubadilishi kitu. Kinachotakiwa ni kisanduku cha kubadilisha HDMI kwenda AV (cha AV kwenda HDMI hufanana nacho, soma vizuri), nacho huhitaji umeme wake. Hata hivyo herufi ndogo hazitasomeka vizuri, filamu zitaonekana.

Zima vyombo kabla ya kuunganisha. Ukiwasha, bonyeza INPUT au SOURCE mpaka picha itokee. Isipotokea, usifungue televisheni ya chogo: umeme mkali hubaki ndani hata ikishachomolewa. Ipeleke kwa fundi.