Nyuki, Histamini na Kidonge cha Piriton

Mwaka jana mrina asali mmoja aliletwa katika zahanati yetu kwa baiskeli. Alikuwa ameumwa na nyuki watatu tu, naye ni mtu aliyeumwa mara nyingi miaka yote bila kudhurika. Safari hii midomo ilikuwa imevimba, mabaka yamejaa mwili mzima, na alihema kwa shida. Mkewe akaniambia, "Daktari, nimempa Piriton mbili, tukangoja zifanye kazi." (Mimi si daktari, ila ndivyo tunavyoitwa vijijini.) Walikuwa wamengoja nusu saa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tungefanya kama mama huyu. Kwa hiyo yafaa tuelewe kidonge hiki hufanya nini.

Chini ya ngozi, puani, mapafuni na kwenye utumbo kuna chembechembe hai zenye akiba ya kemikali iitwayo histamini. Sumu ya nyuki ikiingia, chembechembe hizo huimwaga. Lakini histamini haifanyi kazi mpaka ikae mahali pake, panapoitwa kipokezi, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Vipokezi vyake viko vya aina nne. Histamini ikikaa kwenye kile cha kwanza, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha maji. Hapo ngozi huvimba na kuwasha. Njia za hewa nazo hujibana. Kipokezi cha pili kiko zaidi tumboni, nacho huongeza tindikali, ndiyo maana Piriton haitulizi kiungulia.

Piriton haiondoi histamini mwilini. Hukalia kipokezi cha kwanza, kama mtu aliyewahi kigoda, na histamini ikija hukosa pa kukaa. Kwa uvimbe mdogo na muwasho, inasaidia. Kwa mgonjwa kama huyu haitoshi. Kidonge huchelewa kufika, mishipa imekwisha kutanuka mwili mzima na presha imeshuka. Tena chembechembe zile humwaga kemikali nyingine ambazo Piriton haizizuii kamwe.

Nilimchoma sindano ya adrenalini, nusu miligramu, kwenye msuli wa paja. Dawa hiyo hukaza mishipa na kufungua njia za hewa. Baada ya dakika chache aliweza kusema. Hata hivyo tulimpeleka hospitali, kwa sababu hali hii huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Ukiumwa na nyuki, ng'oa mwiba mara moja, kwa kucha au kwa chochote, maana kifuko cha sumu huendelea kusukuma. Mtu akihema kwa shida, sauti ikikwama, akitapika au akizirai, msingoje kidonge. Mpelekeni zahanati upesi, wala asitembee kwa miguu.

Jambo moja zaidi juu ya Piriton. Ubongoni histamini hutuweka macho, na dawa hii huizuia huko pia. Ukiimeza usiendeshe pikipiki, usishike msumeno, wala usinywe pombe.

Mrina asali wetu alipona. Mizinga yake sasa huiendea mdogo wake.