Kiwanja Kina Muhuri na Bikoni: Kweli au Si Kweli?

Miji mingi ya mikoani Tanzania hukua hivi: shamba la pembezoni linakatwa vipande, dalali anapiga kamba, nyumba zinapanda, kisha ndipo watu wanauliza barabara ipite wapi. Tupime madai matano yanayosikika sana kwa wanunuzi.

1. "Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri, kwa hiyo kiwanja kina hati."

SI KWELI. Muhuri ule unashuhudia mauziano tu. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati hutolewa na Kamishna wa Ardhi kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Hata hivyo, kukosa hati si kukosa haki zote: sheria hiyohiyo inatambua ukaaji wa muda mrefu.

2. "Bikoni zipo, basi kimepimwa."

NUSU KWELI. Jiwe la zege mtu yeyote anaweza kulichimbia. Utaratibu ni kupanga, kupima, ndipo kumilikisha. Uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhusu mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa. Huenda unapotaka kujenga sebule pametengwa kwa ajili ya shule.

3. "Mipango ni ya matajiri, maskini wajenge kwanza, huduma zitafuata."

SI KWELI. Katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali ilitekeleza mradi wa viwanja kwa fedha za Benki ya Dunia katika miji saba, ikiwemo Iringa, Tabora, Morogoro na Tanga. Sehemu zilizokuwa tupu zilipimwa na kuwekewa barabara na maji, kisha wananchi wakajenga wenyewe. Kwingine, mitaa iliyokwisha kujengwa kiholela iliongezewa huduma.

Utafiti uliochapishwa 2021 ulitazama matokeo. Mitaa iliyopangwa kabla ya nyumba ilikuwa na nyumba kubwa na bora kuliko maeneo jirani, pamoja na umeme, maji na barabara zinazopitika. Wakazi wake walikuwa wamesoma zaidi kidogo, lakini elimu pekee haikutosha kueleza pengo hilo. Ile iliyoboreshwa baada ya kujengwa haikuonyesha nafuu ya namna hiyo.

4. "Urasimishaji maana yake ni kubomolewa."

SI KWELI. Lengo lake ni kupima nyumba zilipo, majirani wakikubaliana kuachia vipande vya ardhi ili njia zipate upana. Mtu anaweza kupata hati bila kupoteza hata chumba. Kinachokuwa kigumu kupatikana ni nafasi ya shule, soko au makaburi, kwa kuwa imekwisha kujengwa.

5. "Hata mwenye hati hajengi atakavyo."

KWELI. Hati hutaja matumizi ya ardhi. Anayetaka kugeuza makazi kuwa gesti huomba kwanza kubadili matumizi, na ujenzi mjini huhitaji kibali cha halmashauri. Kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Halmashauri ndogo haina fedha za kulipa fidia kila mara barabara inapokutana na ukuta wa mtu. Barabara iliyo rahisi kuliko zote kwake ni ile iliyochorwa shamba likiwa bado na mahindi.