Mwili "Usiochoma" Chakula (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi chakula kinavyogeuka nishati. Leo tuligeukie lalamiko linalosikika kila mahali: "Mimi hata nikinywa maji nanenepa, mwili wangu hauchomi chakula."

Anayelalamika hivyo anaumia kweli, ila mara nyingi anamsingizia asiyehusika. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, tangu vichanga hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, kasi ya kutumia nishati haibadiliki kati ya miaka 20 na 60. Kitambi cha miaka 40, basi, tusiubebeshe umri.

Kinachonigusa zaidi kilipimwa hapa nchini Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe, ambao wanaume hushinda wakiwinda kwa upinde na wanawake wakichimba mizizi. Mwaka 2012 walieleza kwamba kalori anazotumia Mhadzabe kwa siku ni karibu sawa na za mkazi wa Marekani mwenye mwili kama wake. Inaelekea mwili una bajeti: ukitumia zaidi huku, unabana kule. Mazoezi ni dawa ya moyo, sukari na misuli, lakini uzito unapunguzwa zaidi kwenye sahani.

Hata hapo, tusijinyime kupita kiasi. Washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani walipimwa tena baada ya miaka sita. Wengi walikuwa wamenenepa upya, na miili yao ilitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Punguza ugali, wali na soda taratibu. Ongeza maharage, dagaa na mboga. Nyanyua vitu vizito ili misuli isiyeyuke pamoja na mafuta.

Wapo, hata hivyo, ambao mwili umepoa kweli, kwa sababu tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, imelegea. Mtu hujifunika khanga wenzake wakijipepea. Choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, sauti inakwaruza, nywele zinanyonyoka, hedhi inakuwa nzito, na uchovu hauishi hata akilala vya kutosha. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja mgonjwa wa namna hii maji ya tezi ya kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Siku hizi kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya kula, hufanya kazi hiyo.

Ukiziona dalili hizi, kwako au kwa mama yako, fedha ya chai za kupunguza mwili ipeleke hospitali. Mwombe daktari kipimo cha damu kiitwacho TSH.